Naomba ushauri: protini ya mitamba wanaokua, niongeze majani ya mti wa glirisidia au mashudu ya pamba?

Wafugaji wenzangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, naombeni msaada. Mitamba chotara wa maziwa, kilo 150 hivi, wanakula nyasi za nepia na kilo 2 za mchanganyiko: pumba za mahindi sehemu mbili, mashudu ya nazi sehemu moja, na chumvi ya madini. Nepia ikikomaa protini yake hushuka chini ya asilimia 8, mashudu ya nazi yana kama 20 tu, na mtamba wa umri huu anahitaji chakula chote kifike 14 hadi 16. Kinyesi ni kigumu, kimejaa nyuzi ndefu ambazo hazikusagika. Vijidudu vya tumboni vinavyosaga nyasi vimekosa naitrojeni, ambayo hutoka kwenye protini.

Urea, chanzo kingine cha naitrojeni, siitaki kwa wanyama wadogo hivi. Pasipo molasi ya kutosha, amonia hufurika damuni, ini linaelemewa, na mnyama anaweza kufa siku hiyohiyo.

Aliyewahi kulisha glirisidia: mwaipa kilo ngapi mbichi kwa siku, na mwainyausha kwanza? Na mashudu ya nazi mwayahifadhi vipi yasiote ukungu kwa unyevu huu wa pwani? Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ndiyo inayonitia hofu zaidi.