Nimekodi gari uwanja wa ndege wa Málaga, Hispania, bima ya ekses ninayo mkononi, na bado wamenikamua

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa bado nina hasira, mnivumilie lugha ikichafuka. Jina la kampuni silitaji kwa sababu mgogoro wangu nao bado uko benki, kwa hiyo PM msinijazie mkiliuliza. Ila nyie mlio Uingereza, Uholanzi, Ujerumani na kwingineko mnaopeleka familia Hispania shule zikifungwa, someni hapa kabla hamjaingiza namba za kadi popote.

Iko hivi. Bima ya kufidia ekses, yaani inayokurudishia ile hasara mkodishaji anayokukata gari likiumia, nilishainunua huku Uingereza kabla ya kusafiri, ya mwaka mzima, jina langu ndilo la dereva mkuu, Ulaya yote imo. Kadi ya mkopo ya jina langu ninayo na ina nafasi. Masharti nimesoma. Picha nimepiga. Yaani kila kinachoshauriwa na wajuzi wa mambo haya nilikifanya, na bado wamenilamba euro 370 kwa mkwaruzo wa rimu nilioukuta pale pale kwenye gari lao.

Kwa mlio Bongo ambao mchezo huu hamjaucheza: gari la kukodi Ulaya linakuja na bima ndani ya bei. Ile bima ndogo ya kuwalipa wengine ukiwagonga ipo, na juu yake kuna kinga ya gari lenyewe likigongwa au kuibiwa. Kinga hiyo ndiyo yenye ekses, kipande cha hasara unachobeba mwenyewe. Wenye bima kubwa nyumbani mnakijua, ukigonga lazima uchangie kabla kampuni haijatoa chake. Tofauti ni ukubwa wa kipande. Kwa kigari kidogo tu ekses inazidi euro 1,000 bila shida, na gari la familia inaweza kupita 2,000. Halafu soma yale maandishi madogo: tairi, rimu, vioo, paa, chini ya gari, funguo, kuweka mafuta yasiyo yake. Mara nyingi hivyo vyote havimo kwenye kinga kabisa. Sasa jiulizeni, gari la kukodi huumia wapi kama si kwenye tairi, rimu na kioo cha mbele?

Bei niliyolipa mtandaoni ilikuwa euro 77 kwa wiki nzima. Euro 11 kwa siku, gari jipya, uwanja wa ndege! Kwa bei hiyo huwezi hata kulipia maegesho ya siku moja katikati ya London. Hakuna mfanyabiashara mjinga kiasi hicho. Hela yao haiko kwenye gari, iko kaunta, na wafanyakazi wengi wa kaunta hizi wanakula kamisheni kwa kila bima wanayokubambika. Ukilijua hilo, kila kinachofuata unakielewa.

Tumetua usiku. Foleni ndefu, watoto wamelala juu ya masanduku, mama yao ananiangalia kwa lile jicho. Nikafika mbele, dada mchangamfu, karibu sana, safari ilikuwaje. Leseni, pasi, kadi. Halafu sauti ikabadilika.

"Umechagua ubaki na ekses yote ya euro 1,400?"

Nikamwambia nina bima yangu ya ekses, na karatasi nikamwonesha.

"Hii haitambuliki hapa."

Wakuu, sikilizeni vizuri, maana sentensi hii ndiyo inayowatoa watu hela. Ni kweli haitambuliki, kwa sababu haijawahi kuhitaji kutambuliwa! Mkataba wa bima ile ni kati yangu na kampuni ya bima ya Uingereza. Gari likiumia, wa kaunta anakata kadi yangu, mimi napeleka makaratasi kwa bima yangu, bima yangu inanirudishia. Yule dada hahusiki hata chembe. Lakini anaitamka kwa namna ya kukufanya uone umenunua karatasi ya kufungia maandazi. Nyuma yangu baba mmoja mzee wa Kiingereza aliyekuwa na bima kama yangu alishaanza kutoa miwani aisome yake upya.

Akaniambia bima yao ni euro 29 kwa siku. Pigeni hesabu: 203 kwa wiki, kwa gari la 77. Bima yangu ya mwaka mzima haijafika hata theluthi ya hapo. Nikakataa. Basi akaniambia watashikilia euro 1,400 kwenye kadi. Sawa, shikilieni. Mashine ikauliza paundi au euro, na kabla sijainua mkono dada amebonyeza paundi. Hapo ndipo wanapokupiga mara ya pili, kwa sababu ukichagua paundi wao ndio wanaopanga kiwango cha kubadilisha, siyo benki yako. Nikamwambia afute aanze upya. Uchangamfu ukaisha rasmi.

Ikaja saini. Wana kile kibao kidogo cha kusainia, kina mstari mtupu, hakuna neno hata moja juu yake. "Saini hapa. Na hapa. Na hapa." Nasaini nini? Nikaomba karatasi kwanza. Akaichapa kwa mguno, na ndani yake kuna msaada wa barabarani wa euro 6 kwa siku ambao sikuuomba wala haukutajwa. Watu nyuma wanapumua kwa nguvu kama mimi ndiye mwenye kosa. Nikasimama pale pale mpaka ukafutwa na karatasi mpya ikatoka.

Gari liko gorofa ya chini ya maegesho, taa moja inawaka nyingine imekufa. Ile karatasi ya mchoro wa gari ina alama mbili tu. Mimi nimelizunguka na tochi ya simu nikakuta mikwaruzo kwenye bampa la nyuma, kijidongo cha rangi kimebanduka mlango wa kulia, na rimu ya mbele kushoto ina mkwaruzo wa urefu wa kucha. Wa kampuni hakuna hata mmoja wa kusaini. Nimepanda juu tena, nikaambiwa "tuma picha kwa barua pepe, inatosha." Nikatuma picha na video kabla sijawasha injini. Barua pepe yao ya kujibu ya otomatiki ninayo, na saa yake ipo.

Wiki yenyewe niipite haraka, tulitembea Ronda, tulikula samaki, gari halikugusa hata jani.

Siku ya kurudisha nikakutana na kijana mwenye tochi. Milango hakuiangalia, bampa hakuliangalia. Alienda moja kwa moja kwenye rimu ya mbele kushoto, akachuchumaa, akalamba kidole gumba, akaipangusa vumbi, akatoa kikadi cha plastiki chenye matundu ya vipimo akakiweka juu ya mkwaruzo. Bila kutafuta! Mtu asiyejua kuna nini kwenye gari anaanzaje na gurudumu hilo hilo moja kati ya manne? Nikamwonesha video, mkwaruzo ule ule, umbo lile lile, tarehe na saa juu. Akaiangalia mpaka mwisho. Akasema yeye si mtu wa ofisi, yeye anaandika anachokiona. Ofisini wakasema mwenye mamlaka hayupo. Euro 310 za rimu na euro 60 za "kushughulikia". Zilikatwa kwenye ile amana kabla sijafika kwenye ukaguzi wa mizigo.

Sasa njooni kwenye kinachoniumiza zaidi ya zile hela.

Kila niliyemsimulia ananiambia, si una bima ya ekses, peleka madai ulipwe, yaishe. Kwanza bima inataka mkataba, karatasi ya kuchukulia gari, karatasi ya kurudishia, ankara ya uharibifu na uthibitisho kwamba kadi imekatwa. Ankara na ripoti ya uharibifu zinatoka kwa nani? Kwa hao hao. Nimeomba, wanajibu "itatumwa". Wameweza kukata hela kwa dakika, karatasi ya kueleza walikata kwa nini inachukua wiki.

Pili, fomu ya madai inauliza uharibifu ulitokea lini na vipi wakati gari likiwa mikononi mwangu. Nijibu nini? Haukutokea mikononi mwangu. Nikisema ulitokea, nimeidanganya bima yangu, na nimewapa wale wezi ushahidi kwamba mkwaruzo ni wangu. Nikisema haukutokea, bima itaniambia hili si tukio la bima, ni ugomvi wako na mkodishaji. Na iko sahihi! Bima ya ekses inakulinda dhidi ya bahati mbaya. Mtu anayekubambikia uharibifu wa zamani ni kitu kingine, na nyuzi nyingi za "nunueni bima ya ekses mlale usingizi" hapo hazifiki.

Na haya mazoea ya "peleka bima yaishe" ndiyo yanayowalea. Mteja analipwa na bima yake, ananyamaza. Rimu haitengenezwi, maana rimu yangu ile haikuwa na dalili ya kuguswa na fundi. Gari linatoka asubuhi kwa familia nyingine, tochi inarudi kwenye gurudumu lile lile. Ni wangapi wameshailipia ile rimu kabla yangu?

Msije mkasema Ulaya hakuna wa kuwadhibiti. Mwaka 2015 makampuni makubwa matano, Avis, Europcar, Enterprise, Hertz na Sixt, yaliahidi mbele ya Tume ya Ulaya kwamba bei na bima vitaelezwa wazi, na kwamba mteja atapewa nafasi ya kupinga uharibifu kabla hajakatwa. Niliyokodi mimi haimo kwenye hao watano. Na ndiyo shida, zile bei za euro 11 mara nyingi unazikuta kwa wasio kwenye orodha, ukipitia tovuti ya kulinganisha bei ambayo ukiwalalamikia wanakuambia wao ni wakala tu.

Nilichofanya mpaka sasa. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya Uingereza ya 1974 kinambana mtoa kadi pamoja na muuzaji, lakini ni kwa kitu cha bei inayozidi paundi 100 mpaka 30,000, na ukodishaji wangu uko chini ya hapo. Angalieni uchungu huo: urahisi wa bei ndio ulioninyima kinga. Kwa hiyo nimepinga muamala kupitia benki kwa kanuni za kadi zenyewe, ambazo kwa kawaida zinakupa siku 120. Nimeambatanisha video, ile barua pepe ya otomatiki, mkataba, na mawasiliano yote ya "itatumwa". Kwenye maelezo sikuandika insha. Nimeandika: mkwaruzo ulikuwepo, nilitoa taarifa kabla ya kuondoka, ushahidi huu hapa.

Pia kabla sijaondoka pale ofisini niliomba hoja de reclamaciones. Hiyo ni fomu rasmi ya malalamiko, kila biashara Hispania inalazimika kuwa nayo na kukupa ukiiomba. Nilipoitaja kwa jina lake ndipo "mwenye mamlaka hayupo" alipopatikana ghafla kutoka chumba cha nyuma. Hela hakurudisha, lakini fomu alitoa.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Mnaosema ningelipa tu zile 203 ninunue amani: ulizeni kwanza amani hiyo inagusa nini. Nimesoma masharti yao, kifurushi cha euro 29 hakina tairi wala vioo, vina kifurushi chake kingine. Bima yangu ya nje inavyo vyote, pamoja na paa na chini ya gari.

Aliyeuliza kama shemeji yake anayekuja kutembea kutoka Dar anaweza kununua bima ya ekses ya Uingereza: nyingi zinamtaka mnunuzi awe mkazi, kwa hiyo atafute inayopokea wakazi wa nchi yake, na ainunue kabla ya kuchukua gari. Hispania atahitaji pia kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni yake. Na wewe uliyehamia huku juzi, leseni ya Tanzania Uingereza mwisho wake ni miezi 12, baada ya hapo ni mtihani, usije ukafika kaunta ukaumbuka.

Aliyesema nimefanyiwa hivi kwa vile ni Mwafrika: hapana mkuu, yule mzee wa Kiingereza nyuma yangu alizilipa zile 203. Wanapiga bila ubaguzi.

Sasa swali langu kwa mliowahi kupita njia hii. Andalucía, mkoa ilipo Málaga, kampuni ina siku 10 za kazi kujibu ile fomu, na hawa hawajajibu. Nakala yangu niipeleke OMIC, ile ofisi ya mlaji ya manispaa, au niende moja kwa moja kwa serikali ya mkoa? Na walikupokea ukiwa nje ya Hispania au walitaka mtu wa kukuwakilisha kule? Mwenye uzoefu wa kweli aweke hapa hapa kwenye uzi ili na wengine waone.