Mshono mzima, chuma kando yake kimepasuka: chasisi ya tipa

Gereji Mwanakwerekwe
Assalamu alaykum mafundi. Tipa ya tani 10 inabeba mawe hapa Unguja. Chasisi ina unene wa milimita 8, na nyaraka za gari zinasema chuma ni S700MC, chuma cha nguvu ya juu. Ubavu, yaani ukuta wa wima wa chasisi, ulipata ufa nyuma ya kebini. Ufa umechomelewa kwa kijiti cha kawaida cha 6013 cha milimita 3.2, ampea 140, mashine ya transfoma, kisha juu yake likatiwa bamba la milimita 10 na kuzungushiwa mshono pande zote nne. Siku ya pili asubuhi, gari halijapakia hata jiwe, kuna ufa mwembamba kama uzi, milimita 2 kando ya mshono. Mshono wenyewe mzima. Niongeze ampea, au nitafute bamba nene zaidi?

Moto na Chuma
Waalaykum salaam. Yote mawili yatakuharibia zaidi. Ufa unaotokea baada ya saa kadhaa, gari limesimama, tena kwenye chuma kilichopigwa na joto na si kwenye mshono, mara nyingi ni kazi ya haidrojeni. Inatoka kwenye unyevu wa kijiti na kutu, inajipenyeza kwenye chuma cha moto, kikishapoa inakipasua. Ndiyo maana kazi kama hii hukaguliwa tena baada ya saa 48.

S700MC ina kaboni kidogo, haizidi asilimia 0.12, kwa hivyo si chuma chepesi kupasuka namna hii. Ila bamba ulilifunga pande nne: mshono ukipoa unataka kusinyaa na hauna pa kwenda. Na 6013 ina unyevu kwa asili yake. Hata ukiianika haiwi kijiti cha haidrojeni kidogo.

Ng'oa bamba, saga mshono wote wa zamani. Kutafuta mwisho wa ufa, paka mafuta ya taa, futa kavu, kisha paka unga wa chaki. Ufa utajichora wenyewe. Toboa tundu la milimita 6 pale unapoishia. Saga mfereji wa V wa nyuzi 60, acha mwanya wa milimita 2. Pasha kwa moto wa gesi taratibu mpaka ule ukungu wa maji unaotokea juu ya chuma ukauke wenyewe. Hapo inatosha, unakausha tu. Kikianza kuwa chekundu umeshakiua, kwa sababu nguvu ya chuma hiki imetokana na namna kilivyoviringishwa na kupozwa kiwandani, na hairudi tena gereji.

Mzizi, yaani tabaka la kwanza, piga kwa 7018, kijiti cha haidrojeni kidogo, ya milimita 2.5; kujaza 3.2 kwa ampea 110 hadi 120, arki fupi. Hesabu ya joto: volti 24 × ampea 120 × sekunde 60, gawa kwa mwendo wa milimita 150 kwa dakika, gawa tena kwa 1000, zidisha 0.8 (sehemu ya joto inayoingia kwenye chuma). Unapata kama kilojuli 0.92 kwa milimita. Usizidishe hapo. Kila mshono upoe chini ya nyuzi 100 kabla ya unaofuata, na upoe wenyewe. Maji, hata kitambaa kibichi, hapana.

Kabla ya yote fungua betri na soketi za kompyuta ya gari. Waya wa athi ubane karibu na mshono, si kwenye springi.

Gereji Mwanakwerekwe
Ahsante. 7018 ipo, ya kununua rejareja, pakiti ilishafunguliwa. Nianike juani?

Welda wa Wete
Jua halifanyi kitu, khasa kwa hewa yetu hii ya bahari. 7018 iliyokaa wazi zaidi ya saa 4 inataka oveni, nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili, halafu itunzwe kwenye 120. Oveni ya keki nyingi zinaishia 250, hazifiki. Sanduku lenye taa linatunza kijiti kilichokwisha kukauka, halikaushi kilichorowa. Kama huna oveni, nunua pakiti ndogo iliyofungwa bila hewa na ufungue ukiwa umeshasaga kila kitu.

Transfoma yako pia itazame. 7018 inataka volti kama 70 kabla ya arki kuwaka. Transfoma nyingi ndogo hazifiki, kijiti kinaganda na mshono unajaa matundu. Tafuta inveta ya DC (mashine ya umeme wa mkondo mmoja), kijiti kwenye chanya.

Moto na Chuma
Naam. Na msije mkatafuta kijiti cha nguvu sawa na chuma. 7018 huanza kunyooka kwenye kama megapaskali 400, chasisi 700, lakini ulaini huo wa mshono unapunguza hatari ya kupasuka.

Bolti Kumi
Bado bamba. Chuma kikiwa na nguvu maradufu, mshono wake hauvumilii mtikisiko maradufu. Kwa uchovu wa chuma, yaani kupasuka kwa kutikiswa mara nyingi, mshono wa S700 na wa chuma cha kawaida karibu ni sawa. Kwa hivyo usilichomelee. Tumia bamba la milimita 8, ncha zikatwe mshazari wa nyuzi 45 zisiishe mahali pamoja, na ulifunge kwa bolti za daraja la 10.9, za nguvu ya juu, kwenye ubavu tu. Tundu zitobolewe kwa drili, si kwa gesi. Mbawa za juu na chini, yaani kingo za kulala za chasisi, usiziguse, si kwa kijiti wala kwa drili. Mshono wa ufa usawazishe kabla ya kufunika, na alama za grainda zifuate urefu wa chasisi. Mkwaruzo unaokatiza chasisi ni mwanzo wa ufa mwengine.