MREJESHO: Kompyuta iliyokuwa inanipiga shoti

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kasha la kompyuta yangu hapa Majengo, Moshi, linanitekenya nikiligusa nikiwa peku. Mlisema ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini), mkapatia. Fundi alifungua soketi: waya wa kijani na njano umekatwa, umekunjwa nyuma kama mkia wa mjusi.

Kumbe pawasaplai (boksi linaloipa kompyuta umeme) ina kapasita, yaani vitunza chaji, mbili ndogo za bluu za kuchuja kelele za umeme, moja toka laini (waya wa moto), nyingine toka nyutro (waya wa kurudishia), zote zinaishia kwenye kasha. Ethi isipokuwepo, kasha linaelea karibu volti 115, nusu ya 230 za ukutani. Tumeunga waya, mita ikashuka karibu sifuri.

Aliyenishauri nizikate hizo za bluu, hapana mkuu, kosa lilikuwa ethi. Na humo ndani ya pawasaplai kuna kapasita nyingine kubwa inayoshika karibu volti 325. Ukichomoa plagi bado inauma.