Re: Re: Grinikadi imeisha, I-797 ninayo. Costa Rica watanipokea?

Kutoka: Mama Wawili, Houston

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Jumanne ijayo tunasafiri watu wanne, Houston hadi San José ya Costa Rica, kisha Puerto Viejo upande wa Karibi. Watoto wana pasi za Marekani. Mimi na baba yao tuna pasi za Tanzania na grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani. Ya kwake nzima, yangu imeisha. I-90, fomu ya kuomba kadi mpya, nilishatuma, na I-797, barua ya kupokea ombi hilo, imeniongezea miezi 36. Leo shirika la ndege (silitaji) wameniambia kwa simu kwamba barua ile ni ya kurudia Marekani tu. Nikapiga tena, wa pili akasema hajui. Swali ni moja: kuna aliyeingia Costa Rica kwa kadi iliyoisha pamoja na I-797, bila visa?

Kutoka: Kaka wa Columbus

Pole dada. Tuanze na msingi. Costa Rica imegawa nchi makundi manne, na Tanzania iko la tatu, yaani visa ya ubalozi kabla ya kuondoka. Kinachokusamehe ni hati ya Marekani: ukaazi wa kudumu, au visa ya B1/B2 (biashara au utalii) ya kuingia mara nyingi. Visa ya kuingia mara moja haisaidii. Pasi iwe na miezi 6 mbele, tiketi ya kutoka nchini iwe mkononi, na uweze kuonyesha una dola 100 kwa kila mwezi utakaokaa. Ofisa akigonga muhuri, soma siku alizokupa kabla hujaondoka dirishani.

Na uelewe kwa nini kaunta ya ndege ni kali kuliko ofisa wa kule. Abiria akikataliwa, shirika ndilo linalomrudisha kwa gharama yake. Mfanyakazi anasoma Timatic, mfumo wa mashirika wa kukagua masharti ya hati za safari, na kama haoni maneno ya hati yako, anakataa.

Kutoka: Bi Mkubwa, Minneapolis

Mnaongea visa, na hakuna aliyetaja kadi ya njano! Mwenye pasi ya kwetu huulizwa chanjo ya homa ya manjano, hasa kama pasi ina muhuri wa kutoka nyumbani hivi karibuni. Chanjo ichomwe siku 10 kabla ya kufika, chini ya hapo haihesabiki. Na mwangalie tarehe, kadi huisha baada ya miaka 10.

Kutoka: Daktari wa Mbagala, Atlanta

Bi Mkubwa, kwa heshima, hapo umewapotosha watu. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti kinafaa maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Msiwapeleke watu kulipia sindano ya pili bure. Vinavyoharibu kadi ni vingine: jina halilingani na la pasi, namba ya toleo la chanjo haijaandikwa, au muhuri wa kituo haupo. Ikaguliwe leo, si uwanjani.

Halafu malaria. Mkoa wa Limón, ndiko anakokwenda dada, bado una malaria kidogo, na dengi ipo. Msiseme "sisi tumeizoea". Kinga ya utotoni hupungua ukikaa nje miaka, na watoto waliozaliwa Houston hawana kabisa. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu iwe na DEET asilimia 20 hadi 30, ipakwe juu ya losheni ya jua, si chini yake. Mbu wa dengi huuma mchana, kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi.

Kutoka: Njuguna, Seattle

Hii shida yote ingeisha na N-400, ombi la uraia wa Marekani. Miaka mitano ikitimia unajaza, unaapa, unapata pasi ya Marekani, unaingia Costa Rica bila kuulizwa.

Kutoka: Kaka wa Columbus

Njuguna, ninyi Wakenya mna katiba ya 2010, mnashika pasi mbili. Sisi Watanzania watu wazima tukiapa huku, uraia wa nyumbani unaondoka. Shamba la baba, kaburi la mama, unaingia kwenu kama mgeni. Usimwambie mtu "jaza tu" kama vile ni fomu ya maktaba.

Kutoka: Njuguna, Seattle

Nimekuelewa, samahani. Ila hadhi maalumu kwa diaspora si imeshapita huko kwenu?

Kutoka: Kaka wa Columbus

Hadhi si uraia. Tufungue uzi mwingine. Na wenye I-485 (ombi la grinikadi ukiwa ndani ya Marekani) inayosubiri, msidhani ya dada yanawahusu. Mkitoka bila ruhusa ya kusafiri ya I-131, ombi lenu kwa kawaida linahesabiwa mmeliacha.

Kutoka: Mtu wa Lamu, Toronto

Turudi safarini. Kitu cha kwanza ni majira. Upande wa Karibi haufuati kalenda ya Pasifiki. Septemba na Oktoba, Pasifiki inapolowa, Karibi hutulia, maji huwa maangavu, na ndio wakati wa kuona matumbawe Cahuita. Mvua kubwa ni Novemba hadi Januari, na Julai pia hunyesha.

Barabara kutoka San José ni Ruta 32, kisha Limón mnakata kusini kwa Ruta 36. Ni kama kilomita 210 hadi Puerto Viejo, saa nne na nusu kama hamna msongamano wa malori ya bandari. Ruta 32 inapita msitu wa Braulio Carrillo, mlima mtupu. Mvua ikizidi, udongo huporomoka na barabara hufungwa. Njia ya pili ni kupitia Turrialba, ndefu na yenye kona. Ondokeni asubuhi, kwa sababu ukungu hushuka alasiri na giza huingia saa kumi na mbili, kama kwetu.

Gari la kukodi: bei ya mtandaoni mara nyingi haina bima ya lazima ya kulipia mtu mwingine, na bima ya kadi ya benki haiingii mahali pake. Ulizeni jumla kwa maandishi kabla ya kulipa.

Sasa bahari, na hapa watu wa pwani ndio tunaodanganyika. Kwetu bamvua hutofautisha maji kwa mita tatu, nne, kwa hiyo tunaisoma bahari kwa kupwa na kujaa. Kule tofauti haifiki nusu mita. Hakuna kupwa ukatembea hadi mwambani. Kinachotawala ni mawimbi, na ufuo wa Playa Cocles, karibu na Puerto Viejo, una mikondo inayovuta kwenda nje. Utauona: kijia cha maji meusi, tulivu, katikati ya povu, na mchanga unazunguka ndani yake. Watoto hupenda kuingilia hapo kwa sababu hapana mawimbi. Ukivutwa usipigane nao. Ogelea sambamba na ufuo mpaka ukuachie, ndipo urudi.

Kutoka: Bi Mkubwa, Minneapolis

Asante kunisahihisha kuhusu kadi. Chakula kikoje, watoto watakula?

Kutoka: Mtu wa Lamu, Toronto

Watakula, Bi Mkubwa. Limón wanapika wali na maharage kwa tui la nazi, sufuria moja, na pilipili nzima juu inayotolewa kabla haijapasuka. Kuna na rondón, samaki na mihogo na ndizi ndani ya tui. Ukifumba macho uko nyumbani. Watu wale babu zao walitoka Jamaika kujenga reli ya Limón, iliyokamilika 1890, na wengi walikaa vizazi bila uraia mpaka baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1948. Ukisikia hayo na umekaa foleni ya I-90, yanakugusa.

Bili ya mkahawa: asilimia 13 ya kodi na 10 ya huduma kwa kawaida zimo tayari.

Kutoka: Mama Wawili, Houston

Nawashukuru wote, mambo ya bahari nimeyachapisha kabisa. Lakini Jumanne inakaribia na sijajibiwa: kuna aliyepita na I-797?

Kutoka: Daktari wa Mbagala, Atlanta

Dada, kadi yako ya njano ina namba ya toleo?