Nimealikwa jumuiya ya hiari huku Magu, wanataka niache boksi langu la spana stoo kwao. Mnaonaje?

Fundi_Igombe
Wakuu, heshima yenu. Natengeneza mashine za boti huku Igombe tangu nihame Musoma. Mteja wangu mmoja, mtu mzima na heshima zake, amenialika kwenye jumuiya yao upande wa Magu. Wana shamba kando ya ziwa, wanamwagilia nyanya na vitunguu kwa pampu ya sola, na baadhi yao wana boti za dagaa. Wanajiita watu wa hiari. Msingi wao ni kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumlazimisha mwenzake, si kwa ngumi, si kwa kura, si kwa barua ya mtendaji. Kiingilio hakuna, kiapo hakuna. Mwenyekiti pia wanasema hakuna, ila kuna mzee mmoja akikohoa wote wananyamaza.

Kuaminiwa kunakwenda kwa ngazi. Ukianza wewe ni mgeni, unafika Jumamosi, unalima, unakula, unarudi kwako. Ukishazoeleka, mmoja anasimama kukudhamini, na hapo unaweza kuazima vitu: jembe, pampu, hata mtumbwi. Baadaye unakaribishwa kikaoni. Mwisho kabisa unapewa ufunguo wa stoo. Nikiuliza inachukua muda gani wanacheka, "tutajuana tu."

Mimi nimewapenda, sitaki kuficha. Nimechoka na vikundi ambavyo ukichelewa faini, ukifiwa faini, ukiuliza mahesabu unaitwa mchochezi. Lakini juzi mdhamini wangu kaniambia niache boksi la vifaa pale stoo, ili mashine ya mtu ikisumbua lisaidie. Mle mna puli ya kung'olea flaiwili na spana nilizonunua moja moja kila nikipata hela. Na ufunguo wa stoo ngazi yangu bado. Nimemjibu nitafikiria. Hapa napimwa au naliwa?

Mjanja wa Nyakato
Freemason hao. Kimbia.

Mwalimu Mstaafu
Freemason gani analima vitunguu Magu? Tumjibu mtu vizuri.

Fundi, wazo lenyewe ni la zamani. Uingereza kulikuwa na mbunge mmoja, Auberon Herbert, aliyefariki 1906. Yeye alifika mahali akasema hata kodi iwe ya hiari, anayetaka kuichangia serikali atoe, asiyetaka aachwe. Hapa kwetu vijana wa Litowa, kule Ruvuma, walianzisha kijiji chao mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakalima pamoja bila kushurutishwa na mtu, vijiji vingine vikajiunga nao wakawa umoja. Chama tawala cha wakati huo, TANU, kikauvunja Septemba 1969. Na Ujamaa Vijijini, andiko la Nyerere la 1967, ilisema watu waingie kwa ridhaa yao, lakini ilipofika Novemba 1973 kuhamia vijijini kukawa amri. Wazee wa huku Usukuma wanajua malori yaliwasomba vipi, na nyumba walizoacha zilifanywa nini.

Sungusungu nao. Miaka ya 1980 mwanzoni wanakijiji walijikusanya wenyewe kupambana na wezi wa ng'ombe. Siku hizi vijiji vingi yowe likipigwa usitokee uone kama hujalipishwa.

Kwa hiyo mimi ngazi za kuingilia hazinisumbui sana. Ningemuuliza mdhamini wako swali moja: nani amewahi kutoka humo, na alitoka na nini mkononi?

Mama Dagaa Kirumba
Mwanangu Fundi, mimi niko Mwaloni Kirumba, nauza dagaa. Hayo ya Uingereza siyajui, lakini kuaminiana kidogo kidogo ndiko kunakonilisha.

Nilipoanza sikuwa na mtaji. Tajiri wa kambi ya Ukerewe akanipa ndoo chache kwa mali kauli. Nikauza, nikamrudishia siku niliyotamka. Giza lililofuata akaongeza ndoo. Sasa mwezi ukiwaka boti hazitoki, na hapo ndipo mtu anapoonekana: hela ya watu unayo, mzigo mpya hakuna, na watoto wamerudishwa ada. Wengi huteleza hapo, wala si wezi. Kuna mwaka mvua ilininyeshea dagaa wakiwa bado chanjani, wakageuka rangi, nikawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Nikampigia tajiri siku ileile, kabla hajasikia kwa wapakiaji. Deni hakusamehe hata senti, ila alinipa muda. Tangu hapo ananipakilia magunia botini ndipo ananijulisha.

Angalia nani alitangulia kutoa. Alitangulia mwenye nacho. Angepoteza ndoo zile angesonya akalala, mimi ningepoteza mtaji ningerudi kijijini. Hao wenzio wana shamba, wana pampu, wana mitumbwi, na kufuli la stoo ni lao. Wewe una boksi, na boksi ndiyo kazi yako. Inakuwaje boksi litangulie?

Usiwajibu kwa ukali, maana pengine mdhamini hakuwaza mbali. Mwambie vifaa vinalala kwa fundi, mashine ikisumbua wapige simu utafika. Wapelekee kitu kidogo ambacho kikipotea hutakonda, kama spana ya plagi. Wakinuna kwa hilo, si unajua walichokuwa wanakitaka? Wasiponuna, endelea kulima nao Jumamosi.

Karani_Kata
Nyongeza fupi. Kama humo mnawekeza na kukopeshana hela, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka kikundi kisajiliwe, na kwa vikundi vya kijamii mambo yanaanzia halmashauri. Wakikuambia karatasi za serikali ni mabavu, ni imani yao, ila siku mkikosana utashika nini? Boti za dagaa nazo zinahitaji leseni. Doria ikikukamata ziwani haikuulizi falsafa.

Fundi_Igombe
Asanteni sana. Mama, nimefanya ulivyosema, nimewapelekea spana ya plagi pamoja na plagi mbili. Hakuna aliyenuna, mdhamini kacheka tu, kasema hakujua kama boksi ni roho ya mtu. Yule mzee wa kukohoa hakusema kitu.

Hela hawakopeshani, wanaazimana vitu na nguvu tu. Leseni za boti kila mtu anakata yake kimyakimya, falsafa inaishia ufukweni.

Mwalimu, swali lako ndilo limewagusa. Waliotoka ni wawili. Mmoja alisukuma mtumbwi wake majini akaenda, hakuna aliyemzuia. Wa pili alikuwa amepanda miembe ndani ya shamba, na miembe haibebeki. Wanasema walimpa vitunguu kama fidia, yeye inasemekana anasema vingine. Nimeambiwa anauza chai pale Kisesa, Jumamosi nitapitia kwake kabla ya kwenda shamba.

Mama Dagaa Kirumba
Muulize na maembe anachuma nani.