Refa wa Wete anahamia Coventry, abebe nini?

Kutoka: Kijana wa Wete

Assalaam alaykum jamaa zangu wa huko na wa huku.

Viza imetoka alhamdulillahi, namfuata mke wangu Coventry, Uingereza, mwezi ujao. Mambo ya nyumba na kazi keshanieleza mwenyewe. Langu mie ni jengine: filimbi. Mimi ni refa wa daraja la tatu, mwaka wa nne huu nachezesha ligi za watoto na madaraja ya chini hapa Pemba, na mara mbili nimeshika kibendera uwanja wa Gombani. Sitaki kuiacha. Cheti changu kitatambulikana huko, au naanza alifu kwa kijiti? Na nibebe nini wakati bado niko nyumbani? Nikishafika huko, kumpigia mtu simu anitafutie karatasi ofisini ni kazi nyengine.

Kutoka: Kaka wa Leicester

Wa alaykumu salaam, mdogo wangu. Hongera ya viza.

Nitakwambia yaliyonikuta mimi, usije ukayarudia. Nilifika na cheti kimoja tu, muhuri umefifia, jina limeandikwa tofauti na la pasi kwa herufi moja. Nikakipeleka kwenye chama cha mpira cha kaunti. Yule bwana alikigeuza mbele nyuma, akanishukuru sana, akanielekeza kozi ya mwanzo. Umri wa kuanza urefa huku ni miaka 14, basi nikakaa darasani na ndevu zangu katikati ya watoto wa skuli. Kijana mmoja alidhani mimi ndiye mwalimu.

Kwa hivyo kabla hujapanda boti, nenda kwa wakubwa wako wa chama cha waamuzi wakuandikie barua ya Kiingereza. Iseme daraja lako, mwaka uliofuzu, ligi ulizochezesha. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi. Ipige picha, ujitumie kwa barua pepe. Huenda wakakukubalia, huenda wakakurudisha kozi kama mimi. Wakikurudisha usinune. Nusu unasoma mtandaoni, nusu uwanjani na mkufunzi, halafu unachezesha mechi tano ndipo unatoka kwenye ukurufunzi. Sheria ni zile zile 17, lakini kuna somo la ulinzi wa watoto ambalo kwetu hatukuwahi kulisikia, na bila hilo hukanyagi mechi ya watoto.

Halafu kuna DBS, ule ukaguzi wa rekodi za jinai. Watataka anuani zako zote za miaka mitano, na tarehe za kuhamia. Mimi niliandika "karibu na msikiti, Mtambwe". Fomu ikanirudia. Kaa na mama yako jioni moja muandike: shehia gani, wilaya gani, tangu mwezi gani. Usicheke, utanishukuru.

Sasa uwanjani. Ondoa akilini Gombani, na vibendera wawili na kamisaa amekaa kivulini. Huku mpira wa mitaani ni Jumapili asubuhi na uko peke yako. Kila timu inakupa mtu mmoja wa kushika kibendera, mara nyingi ni mchezaji wa akiba au baba wa mtu na kikombe chake cha chai. Mwambie akuoneshe mpira ukitoka tu. Kuotea hukumu mwenyewe, usimtegemee, maana ana timu yake. Hapo ndipo nilipoteseka, kwa sababu nyumbani nilizoea kutupa jicho pembeni kila mpira mrefu ukipigwa. Kama bado una mechi huko, omba uchezeshe moja ya watoto bila vibendera, ujizoeze kukimbia kwa mshazari na kujipanga usawa na beki wa mwisho.

Jengine la kujua ni kutolewa kwa muda. Tangu msimu wa 2019/20, kwenye ngazi zetu hizi za chini, anayembishia refa anapewa njano na anakaa nje dakika 10, timu inabaki pungufu. Miezi miwili ya mwanzo sikuitumia hata mara moja. Nilikuwa najionea haya na Kiingereza changu, naogopa nikimtoa mtu ataniuliza kwa nini nami nitababaika. Siku moja golikipa mmoja, fundi wa mabomba, alinisema kipindi kizima cha kwanza. Kipindi cha pili nikatoa kadi, nikamwambia "ten minutes", sikuongeza neno. Akatoka! Tena baada ya mechi alikuja kunipa mkono. Ripoti unaijaza mtandaoni, na kosa lenyewe lina alama yake, kubisha ni C2, kwa hivyo huhitaji kuandika insha.

Malipo yapo, timu ndizo zinazolipa. Si posho ya kujengea nyumba. Hesabu yake uiandike, maana kipato cha kujitegemea kisichozidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi hukitolei taarifa, kikizidi unajiandikisha. Viza yako ya ndoa haina tatizo. Lakini mnaosoma ujumbe huu na mko huku kwa viza ya masomo, nyinyi mnakatazwa kazi ya kujitegemea. Msipokee hata pauni moja ya filimbi kabla hamjamuuliza mshauri wa viza wa chuo chenu.

Na filimbi nunua isiyo na kidonge ndani. Baridi ya Januari kidonge kinaganda, unapuliza unatoka mluzi wa kuku mgonjwa.

Kutoka: Mama wa Milton Keynes

Kaka amesema mengi, mie naongeza kidogo. Binti yangu ana miaka 15, anachezesha watoto wa chini ya miaka 10 kila Jumamosi. Ukutani kabandika picha ya Salima Mukansanga wa Rwanda, yule aliyechezesha AFCON ya wanaume Januari 2022, mwanamke wa mwanzo. Nilikuwa na wasiwasi na mtandio wake. Wachezaji wameruhusiwa kufunika kichwa tangu 2014, na kwa refa pia sikuulizwa neno. Anavaa mweusi, unaendana na jezi.

Kinachoudhi ni wazazi pembeni. Wanajua fika ni mtoto, na bado wanampigia kelele. Mimi husimama upande wao kimya na buibui langu, nawatazama tu. Hupungua.

Swali langu kwa wa nyumbani: kiangazi tunakuja Pemba wiki sita. Anaweza kupata pa kupuliza, asisahau?

Kutoka: Ami wa Chake

Wanangu, nimesomewa na mjukuu, miwani imevunjika.

Binti aje. Asubuhi waamuzi wanafanya mazoezi, atakimbia nao, na watoto wa mtaani mechi hazikosekani. Ila asitarajie malipo, atapewa maji na madafu.

Wewe wa Wete, mwenzio kakwambia karatasi, mimi nakwambia miguu. Kozi yao ya mwanzo sidhani kama watakukimbiza kwa saa, na ndipo vijana wanapolegea. Wakati ukitaka kupanda daraja, mbio utaulizwa. Uwanja wa kukimbilia unao hapa Gombani, utumie mwezi huu. Kipimo cha marefa wa FIFA ni mbio sita za mita 40, kila moja isizidi sekunde sita. Kisha mita 75 kwa sekunde 15, unatembea 25 kwa 18, mara 40. Ni mizunguko kumi. Ukiweza sita sasa hivi si mbaya.

Jengine ni hili. Mwaka mmoja nilitoa penalti dakika ya mwisho dhidi ya timu ya kwa wakwe zangu. Ilikuwa halali, mkono ulikuwa juu kama wa muadhini. Mkwe wangu hakuniitikia salamu mpaka Idi. Huku kila unayempulizia filimbi unamjua, au anamjua baba yako, na kabla hujafika nyumbani mkeo keshasikia. Huko utapuliza, watakasirika, na kila mtu ataingia gari lake. Utaona raha. Baada ya mwezi mmoja utaona upweke, kwa sababu hata ukichezesha vizuri hakuna wa kukusimulia barazani. Tafuta marefa wenzio mapema, wana vikao vyao vya kila mwezi, ukakae nao hata kama hufahamu utani wao.

Kutoka: Kijana wa Wete

Ahsanteni sana nyote. Barua nimeshaiomba, nimeambiwa niirudie Jumatatu. Anuani tumeziandika na mama, tumegundua kwamba hakumbuki mwaka tuliohamia Limbani, kamwita jirani, na jirani kamwita mwengine, ikawa kikao. Leo asubuhi nimefanya mizunguko saba, ami. Wa nane miguu ilikataa.

Kaka wa Leicester, viatu vya njumu vya kwenye tope hapa sivioni. Ukipata vya mkono wa pili nichukulie, nitakulipa nikifika. Navaa 42, nasikia huko mna hesabu yenu.

Kutoka: Kaka wa Leicester

Nane. Ninavyo vyangu vya zamani, njumu mbili zimelika. Njoo uvichukue.