STI ya Tanga: fundi wa kutuni awe wa Dar, Arusha au wa mtandaoni?

Boxa_Chumbageni
Wakuu, gari ni Subaru Impreza STI ya Japani, injini EJ207 yenye tabo. Ekzosi yote na pampu ya mafuta zimeshabadilishwa, imebaki kutuni, yaani kuandika upya ramani ya kontrol boksi (majedwali ya namba yanayoiamuru injini mafuta na cheche). Wapo watatu: wa Dar mwenye dayno (mashine ya kupima nguvu gari likizungusha magurudumu papo hapo), wa Arusha wa bei nafuu anayetuni barabarani, na wa nje anayetuma faili kwa barua pepe. Nimpe nani?

Mkwaju
Wa Dar. Tazama mwinuko kabla ya bei. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, mgandamizo wa hewa kule ni pungufu kwa asilimia 15 hivi. Geji ya tabo husoma presha iliyozidi ile ya hewa ya nje. Ikisoma bar 1.2 Arusha, injini inapokea kama bar 2.05 kamili, hapa Tanga, geji ileile, ni 2.2. Kwa hiyo kuna eneo la ramani ambalo gari halikuwahi kulifikia likiwa juu, na namba zake ni za kukisia au za kiwandani. Za kiwandani nazo ziliandikwa kwa petroli ya Japani ya oktani ya juu. Ukishuka pwani ukakanyaga, injini inagonga (mafuta yanalipuka vibaya ndani ya sailinda), kingo za pistoni zinakatika. Kwenye EJ, sailinda ya nne ndiyo hulalamikiwa zaidi.

Fundi_Pongwe
Nakubali, ila dayno nayo hudanganya. Boneti wazi na feni kubwa mbele si mchana wa Februari hapa mjini. Intakula ya STI (kipoza hewa ya tabo) imekaa juu ya injini, ukisimama kidogo tu inachemka. Mwambie avute (akanyage pedali hadi chini) mara tatu mfululizo boneti ikiwa imefungwa, halafu akupe logi zote, yaani rekodi za kompyuta. Pedali ikiwa chini, uwiano wa hewa kwa mafuta uwe 11 hadi 11.5. Kompyuta ikirudisha nyuma taimingi ya cheche digrii 2 au 3 kwa kuhisi injini inagonga, kwenye mzunguko uleule kila mvuto, hiyo kazi haijaisha.

Raskazone_Turbo
Wa barua pepe si mbaya kama una kebo ya Tactrix (ya kuunganisha laptopu na kompyuta ya gari) na waidibendi (sensa ya ekzosi ya kupima uwiano wa hewa na mafuta) yako mwenyewe. Shida ni kwamba anaona namba tu. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, usomaji unaonyesha mafuta pungufu, naye anaongeza mafuta yasiyohitajika.

Fundi_Pongwe
Na yeyote utakayemchagua, pima kompresheni (mgandamizo wa kila sailinda) kwanza. Sailinda zikipishana zaidi ya asilimia 10, acha kutuni. Mabomba ya tabo yajazwe hewa yasikilizwe kama yanavuja. Plagi mpya, mwanya milimita 0.7, ukiwa mpana, presha ya tabo inazima cheche na fundi atahangaika na ramani bure.

Boxa_Chumbageni
Basi Dar. Faili atakaloandika ni langu?

Mkwaju
Mkubaliane kabla hujampa ufunguo. Wengine hulifunga kwa nywila, ukibadilisha injekta kesho unaanza upya kwa bei kamili. Na ramani ya kiwandani ainakili kwanza, akupe kwenye flashi.